SOMO: Kulinganisha ukali wa picha wa kamera mbili bila kudanganywa na megapikseli

Habari zenu wakuu. Swali lilelile linanifuata kila siku, nichukue kamera ya Canon 5D Mark II ya mtumba au Canon 2000D mpya, afu mtu anaongeza "si 2000D ina megapikseli 24 na 5D ina 21?" (megapikseli ni milioni ya pikseli, vile vinukta vinavyounda picha). Mimi ninazo zote mbili hapa ndani, acha niandike mara moja tuyamalize.

1. Piga hesabu kabla hujashika kamera. 2000D inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000, 5D Mark II 5616 kwa 3744. Kwa upana ni tofauti ya kama asilimia 7 tu, hiyo kwa macho huioni. Megapikseli ni eneo, kama kiwanja. Kiwanja cha 20 kwa 20 ukikifanya 40 kwa 40 hakijawa mara mbili, kimekuwa mara nne, kwa hiyo aliyetoka 12 akitaka undani mara mbili anaenda 48, sio 24.

2. Tafuta gazeti, zile kurasa za zabuni zenye herufi ndogondogo, bandika ukutani mahali pana mwanga, katikati na kwenye kona zote nne, maana lenzi nyingi katikati ziko poa kona ndo zinaoza.

3. Lenzi iwe moja. Mimi natumia 50mm f/1.8, inaingia kote. Na hapa ndo wengi wanafeli!! Sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ya 2000D ni ndogo (milimita 22.3 kwa 14.9, ya 5D ni 36 kwa 24), ukisimama palepale gazeti linatoka kubwa zaidi kwenye 2000D unasema imeshinda, kumbe ni kama umeisogeza tu. Fremu ijae sawa: 5D ikiwa mita 2, 2000D irudi nyuma mpaka kama 3.2.

4. Stendi, ISO 100 (ISO ni kiasi kamera inavyokuzwa kuhisi mwanga), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi, namba ikipanda tundu linakuwa dogo), RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalipamba), fokasi kwa kioo cha nyuma ukiwa umezumu mara 10, weka taima ya sekunde 2 mkono usiguse. Piga tano tano uchukue iliyo kali kuliko zote, fokasi nayo huwa inakosea.

5. Kwenye kompyuta ule ukali unaoongezwa na programu rudisha sifuri kwa zote, picha ya 2000D ipunguze iwe na upana wa 5616, ndo uziweke pembeni kwa pembeni usome herufi.

Kwangu mimi katikati ya picha nilishindwa kuzitenganisha kabisa. Zinaachana ukumbini usiku, ISO 3200, 5D ina chenga (vile vidoadoa) chache japo ni ya 2008 na mwenzake wa 2018.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu simu yangu Samsung S20 Ultra imeandikwa megapikseli 108, mbona picha zinatoka 12, nimepigwa?
Jibu: Hujapigwa. Inaunganisha pikseli 9 kuwa moja, 108 gawa kwa 9. Ukiitaka 108 yenyewe unaichagua kwenye kamera, ila mchana wa jua tu, usiku achana nayo.

Swali: Nachapa albamu za harusi mpaka A3, ipi inatosha?
Jibu: Zote. A3 kwa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli 4961 kwa 3508, yaani kama megapikseli 17 na nusu. A4 hata 9 hazifiki.

Swali: Nikiweka f/22 si ndo kila kitu kinakuwa kali?
Jibu: Aah wapi. Mbele na nyuma vitaingia kwenye fokasi sawa, ila mwanga ukipita kwenye tundu dogo vile unatawanyika, picha nzima inalegea.

Swali: Sasa mimi sina hata moja, napimia wapi kaka?
Jibu: Dukani hukohuko. Nenda na memori kadi yako na gazeti lako, stendi kama hawana panga maboksi. Akikwambia hairuhusiwi kupiga picha, rudisha hela mfukoni hamia duka la pili.