AC ya gari inatoa hewa ya moto: usikimbilie kujaza gesi

AC ikianza kutoa hewa ya moto, jambo la kwanza utakaloambiwa ni kwamba gesi imeisha. Gesi ya AC haiishi kama mafuta. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, kwa hiyo ikipungua ujue inavuja mahali fulani. Mara nyingine gesi ipo tele, na kilichokufa ni fyuzi tu.

Washa injini, weka ubaridi wa mwisho na feni ya ndani kasi ya juu, na uwashe kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Fungua boneti, mikono na nguo zikae mbali na mkanda. Angalia vitu viwili. Kwanza kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi: klachi iliyo mbele ya puli (gurudumu linalozungushwa na mkanda) inatakiwa inase kwa sauti ya "tak", na sahani yake ianze kuzunguka pamoja na puli. Pili feni ya kondensa (kipoza gesi chenye mapezi), iliyo karibu na rejeta: kwa magari mengi inaanza kuzunguka mara AC inapowashwa. Kama gari linapoa likiwa kwenye mwendo kisha linatoa joto likisimama kwenye foleni, mshukiwa wa kwanza ni feni hiyo, au kondensa iliyoziba kwa matope na wadudu. Osha kondensa kwa maji ya presha ndogo, maana presha kubwa inalaza mapezi yake.

Klachi isiponasa, nenda kwenye fyuzi na rilei (swichi ndogo ya umeme). Rilei ya AC mara nyingi inafanana na ya honi. Kama namba zake ni zilezile, badilishana ujaribu. Ikishindikana, pima umeme kwenye waya wa klachi AC ikiwa imewashwa. Ukipata volti 12 na klachi imelala, zima injini, chomoa plagi na upime koili: nyingi husoma kati ya omu 3 na 5, na isiposoma kabisa imekatika. Kuna pia ugonjwa unaosumbua mafundi wengi: klachi inanasa gari likiwa la baridi, inaachia likipata moto. Hapo nafasi kati ya sahani na puli imepanuka kwa kuchakaa. Kwa kawaida inatakiwa iwe kama milimita 0.3 hadi 0.6, ipime kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), na ikizidi toa washa (kijiringi cha chuma) moja nyembamba iliyo nyuma ya sahani. Huhitaji kompresa mpya.

Umeme usipofika kwenye klachi ilhali fyuzi na rilei ni nzima, huenda swichi ya presha imekata kwa sababu gesi ni kidogo. Usiiunganishe moja kwa moja ili kulazimisha kompresa iende. Oili yake husafiri pamoja na gesi, na bila gesi inasagika ikiwa kavu.

Baadhi ya magari mapya yana kompresa isiyo na klachi, inayozunguka muda wote. Usiisubirie "tak".

Kompresa ikifanya kazi, gusa mabomba kwa tahadhari. Jembamba linakuwa la moto, nene linakuwa la baridi na kutoa jasho. Kama nene ni baridi kweli lakini ndani bado joto, gesi haina kosa. Tatizo liko nyuma ya dashibodi: kijimlango kinachochanganya hewa baridi na ya hita kimekwama, au mota yake imekufa. Sauti ya "tiki-tiki-tiki" unapogeuza kitufe cha joto huwa ni meno ya mota hiyo yamevunjika.

Sasa geji za presha, zinazounganishwa upande wa presha ya chini na wa presha ya juu. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, pande zote mbili zinasoma sawa. Kwa R134a, aina ya gesi iliyo kwenye magari mengi, hewa ya nje ikiwa nyuzijoto 30, ni karibu psi 97. Wengi hudanganyika hapa. Namba hiyo inaonyesha kwamba ndani kuna gesi iliyo katika hali ya kimiminika, haionyeshi kiasi chake: mfumo uliojaa na uliobaki nusu husoma vilevile. Ikisoma chini ya hapo sana, gesi imekaribia kwisha.

Injini ikizunguka mizunguko 1500 katika joto hilohilo, tarajia takriban psi 30 hadi 45 upande wa chini na 200 hadi 250 upande wa juu. Zote zikiwa chini, gesi imepungua. Zote zikiwa juu, gesi imezidi, feni haifanyi kazi au kuna hewa ndani. Zikikaribiana, kompresa haisukumi.

Kutafuta uvujaji, fuata madoa ya oili yenye vumbi kwenye maungio, mbele ya kondensa na kwenye sili ya shafti ya kompresa. Povu la sabuni huonyesha tundu kubwa; kwa dogo tumia rangi inayong'aa chini ya taa ya UV.

Gesi iliyobaki inyonywe kwa mashine, isiachiwe hewani. Badilisha oringi, ukizipaka oili ya kompresa, na kichujio cha unyevu. Vuta vakyumu, yaani toa hewa yote kwa pampu, dakika 30 hadi 45, funga, subiri dakika 20: sindano ikipanda, bado kunavuja. Kisha jaza kwa mzani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Kwenye mfumo mdogo, gramu 100 za ziada zinatosha kuharibu ubaridi.

Kopo la gesi lisiunganishwe kamwe upande wa presha ya juu injini ikizunguka, linaweza kupasuka. Vaa miwani na glovu. R134a na R1234yf, gesi ya magari mapya zaidi, hazichanganywi, na gesi ya kupikia haiingii humo, inawaka. Gari la haibridi au la umeme lina kompresa ya volti nyingi na oili yake maalumu; mpelekee fundi mwenye mafunzo hayo.

Weka kipimajoto kwenye tundu la hewa la katikati ya dashibodi. Baada ya dakika 10 kisome nyuzi 4 hadi 10, au juu kidogo siku ya joto kali. Halafu rudisha vifuniko vya valvu za kujazia gesi, na uhakikishe vina oringi ndani, maana kifuniko hicho ni sili kama sili nyingine.