Chumba Kidogo Ujerumani: Kabla Hujashika Brashi, Soma Hapa

Chumba changu cha kwanza Hannover kilikuwa cha mita za mraba 11. Kilikuwa na dirisha moja la kutazama ua wa nyuma, kitanda cha sentimita 90, na kuta nyeupe pe. Nilipomwonyesha mama kwa simu ya video alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mbona kama wodini?" Kesho yake dada yangu akaanza kunitumia picha za vyumba vya kijani na udongo mwekundu. Binamu yangu aliye mji mwingine hukuhuku Ujerumani akanihakikishia: "Mimi nilipaka, hakuna aliyeniuliza." Nikapaka. Rangi na vifaa vilinigharimu euro 46. Nilipohama baada ya miaka miwili, rangi hiyohiyo ikanila euro 610.

Naandika ili mdogo wangu anayekuja kwa mafunzo ya uuguzi, au kaka anayeanza chuo, asikanyage pale nilipokanyaga mimi. Kupendezesha chumba si kazi ngumu, na nitaeleza ninavyofanya sasa. Ila sehemu kubwa ya maneno yangu ni juu ya rangi ya ukuta na karatasi, kwa sababu hapo ndipo fedha zetu zinapopotelea.

Nyumbani Tanzania tunajua mambo yanavyokwenda. Unapanga Kihonda au Mbagala, unalipa kodi ya miezi sita na mwezi mmoja wa dalali, halafu unamwita fundi akupakie rangi uitakayo. Mwenye nyumba akipita anakushukuru kwamba umemtengenezea nyumba. Ukihama unarudisha ufunguo, mnaagana, yamekwisha. Nilikuja na akili hiyo, na sikujua kwamba ni akili ya kwetu tu.

Hapa unaweka amana inayoitwa Kaution. Sheria inamzuia mwenye nyumba kudai zaidi ya kodi tupu ya miezi mitatu, yaani kodi kabla ya kuongeza gharama za joto na maji, na wewe una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu. Kodi yangu tupu ilikuwa euro 340, kwa hiyo niliweka 1,020. Lipa kwa benki, usilipe mkononi. Fedha hiyo inakaa kwake mpaka uhame, na ukihama anaangalia chumba. Ukuta ndio kitu cha kwanza kinachoonekana mlango ukifunguliwa.

Sasa sikiliza mtego wenyewe. Kupaka rangi unayoitaka wakati unaishi humo si kosa. Chumba ni chako kwa muda huo na hakuna atakayekuja kukukataza, ndiyo maana binamu yangu hakuulizwa. Deni linazaliwa siku ya kurudisha. Mahakama ya Shirikisho iliyoko Karlsruhe iliamua Novemba 2013 kwamba mpangaji aliyepokea kuta zilizopakwa upya kwa rangi tulivu, akazirudisha zikiwa nyekundu, njano na buluu, anawajibika kumfidia mwenye nyumba. Mantiki ya mahakama ni kwamba rangi kali zinawakimbiza wapangaji wengi wanaofuata. Kwa hiyo miaka miwili yote umelala ndani ya deni bila kulijua, na kila mgeni anayeingia anakusifia.

Na kusifiwa ndiko kulikonimaliza. Februari ya mwaka wa kwanza mwenye nyumba alikuja kutazama kipasha joto kilichokuwa kinagoma. Akautazama ukuta wangu wa kijani cha jani la mgomba, na ule mwekundu wa tofali unaozunguka dirisha, akasema, "Schön!" Maana yake ni "pazuri". Niliwapigia nyumbani nikawaambia ameipenda, ameridhia. Mama akashukuru Mungu. Ndugu zangu, hakuwa ameridhia chochote. Alikuwa mgeni chumbani kwa mtu, akasema neno la adabu. Siku ya makabidhiano nilipomkumbusha aliniuliza kwa upole kabisa: "Una barua yangu ya ruhusa?" Sikuwa nayo. Sifa si ruhusa. Tabasamu si ruhusa. "Hakuna shida" ya kwenye ngazi si ruhusa. Ruhusa ni maandishi yenye tarehe na jina lake, hata kama ni barua pepe ya mistari miwili.

Najua kinachotuzuia kuomba maandishi. Kwetu kumwambia mtu mzima "niandikie" ni kama kumwambia humwamini, na mtoto aliyelelewa vizuri hafanyi hivyo. Hapa wanaandikiana hata ndugu kwa ndugu na hakuna anayenuna. Wewe usipoomba, wao ndio watashangaa. Nimekaa nao miaka ya kutosha kusema kwamba si watu wabaya. Sheria yao inamlinda mpangaji kuliko zetu, na inamlinda mweusi na mweupe kwa kifungu kilekile. Lakini sheria hiyo haikufuati chumbani kukuamsha. Jirani yangu wa chini aliniandikia karatasi mlangoni siku ya pili tu nilipotupa chupa kwenye pipa lisilo lake. Juu ya rangi iliyokuwa inaniandalia hasara ya mamia ya euro, watu walewale walioingia wakanywa chai yangu hawakusema neno. Wao wanaona yaliyo nyuma ya mlango wako ni yako, na kuuliza ni kazi yako. Mimi bado naona huo ni upungufu. Mtu mzima akimwona mgeni anaelekea shimoni, amwambie.

Mtego wa pili umelala ndani ya ule wa kwanza, nao ndio uliofunga mlango. Nilitoa notisi ya miezi mitatu kwa barua yenye sahihi, kama inavyotakiwa. Nikanunua ndoo ya lita 10 ya rangi nyeupe, ile ya bei ya chini kuliko zote dukani, nikidhani nyeupe ni nyeupe. Mkono wa kwanza kijani kikaonekana. Mkono wa pili kikaonekana. Kuta nyingi za huku zimebandikwa Raufaser, karatasi yenye vipande vidogo vya mbao ndani yake, ambayo inakunywa rangi kama ardhi ya kiangazi. Mkono wa tatu sikuwahi, kwa sababu makabidhiano yalikuwa Ijumaa saa sita mchana na mimi nilikuwa na zamu ya jioni saa nane. Mwenye nyumba alikuja na karatasi ya makabidhiano, Übergabeprotokoll, akazunguka, akajaza, akanipa kalamu. Nilisoma mistari ya mwanzo ya funguo na mita ya umeme, nikaona saa, nikatia sahihi. Mstari wa chini ulisema mpangaji anakubali kubeba gharama za fundi wa rangi.

Baadaye nilijiunga na chama cha wapangaji, Mieterverein, nikapeleka makaratasi yangu. Mshauri aliniambia mambo mawili ambayo yangeniokoa. La kwanza, hakuna sheria inayokulazimisha kutia sahihi karatasi ile. Unaweza kuikataa, au ukaandika kwa mkono wako "sikubaliani na kipengele hiki" kabla ya kusaini. La pili, rangi ya ukutani inazeeka. Kama mwenye nyumba alipaka miaka kadhaa kabla hujahama, hawezi kukulipisha kana kwamba uliharibu ukuta uliopakwa jana. Lakini mimi nilikuwa nimeshakiri kwa sahihi yangu mwenyewe, na mshauri akasema kulitengua ni safari ndefu. Miezi mitatu baadaye nilirudishiwa euro 410.

Hapo nina neno kwa walio nyumbani, na nalisema kwa upendo. Ile 1,020 mlikuwa mmeshaipangia. Mdogo wangu alikuwa amehesabu ada ya muhula humo, na mimi ndiye niliyemwahidi. Amana si akiba. Ni fedha iliyo mikononi mwa mtu mwingine, na inaweza kurudi nusu au isirudi. Wazazi, mashangazi, msiuulize ule mzigo kila mwezi, na ninyi mlio huku msiuahidi kwa mtu mpaka usomeke kwenye akaunti. Na dada zangu wa picha za mtandaoni: vile vyumba vizuri mnavyotutumia, wenyewe hawatarudisha ufunguo.

Basi siku ya kuingia, kabla hujatoa begi kwenye buti la gari, piga picha kila ukuta, dari, sakafu nyuma ya mlango na fremu ya dirisha, kisha umtumie mwenye nyumba kwa barua pepe siku hiyohiyo. Kama kuta zimechoka, hakikisha imeandikwa kwamba zimechoka, kwa maana mahakama ileile ya Karlsruhe iliamua mwaka 2015 kwamba kipengele cha mkataba cha kukutwisha kazi ya kupaka rangi hakina nguvu kama ulipokea chumba ambacho hakikukarabatiwa na hukupewa fidia ya maana kwa hilo. Hilo halikupi uhuru wa kurudisha ukuta mwekundu. Linakuondolea tu mzigo wa uchakavu usio wako. Kama umepangishwa na mpangaji mwenzio, hata kama ni Mtanzania au Mkenya mwenzako aliyekupokea uwanja wa ndege, andikianeni vilevile. Nimeona undugu wa miaka kumi ukivunjika kwa sababu ya euro 300 ambazo hakuna aliyekuwa na karatasi yake.

Ukitaka kupaka, paka nyeupe, au nyeupe iliyotiwa tone la krimu. Chumba cha ukubwa kama changu kina ukuta wa mita za mraba kama 29 ukitoa mlango na dirisha. Lita moja inafunika mita za mraba sita au saba, kwa hiyo lita tano ni mkono mmoja. Geuza ndoo usome neno Deckkraftklasse, daraja la kufunika. Daraja la 1 ndilo bora, na bei yake inazidi kidogo tu ile ya mikono mitatu ya rangi ya maji ya bei rahisi. Funika fremu na soketi kwa tepu, tandika nailoni, fungua dirisha. Iliyobaki usiimwage sinkini. Acha ikauke kabisa ndipo uitupe, au ipeleke mbichi kwenye kituo cha taka cha mji.

Rangi ya nyumbani naileta sasa kwa kitambaa. Shangazi aliniletea doti mbili za kitenge, nikatundika moja ukutani nyuma ya kitanda kwa fimbo nyembamba, nyingine ikawa foronya na kitambaa cha meza. Ukihama unakunja unaondoka. Pazia nimeliweka kwa fimbo ya kubana ndani ya fremu, haihitaji tundu hata moja. Ile taa kali ya darini iliyomfanya mama aone wodi sikuigusa. Niliongeza taa ya mezani yenye balbu ya Kelvini 2700, mwanga wake una umanjano kama wa jioni, na chumba kikabadilika kuliko kilivyobadilishwa na ndoo zote za kijani. Kabati la mtumba euro 25, fimbo 9, taa na balbu 18, zulia 20, masanduku ya chini ya kitanda 18. Jumla euro 90.

Samani tafuta kwenye Kleinanzeigen, mtandao wa matangazo ya vitu vya mtumba, kwenye maduka ya mitumba ya mashirika ya hisani, au barabarani zilizoandikwa "zu verschenken", yaani zinatolewa bure. Usitume fedha kabla hujaviona. Godoro la mtumba achana nalo. Fremu ya mbao ikague kwa tochi kwenye maungio, kunguni wa huku hawana tofauti na wa kwetu. Usitoboe ukuta Jumapili, huku ni siku ya kimya.

Kitu kimoja zaidi kinachohusu ukuta na amana. Kabati usilisukume likagusa ukuta wa nje. Acha nafasi ya vidole vinne au vitano hewa ipite, la sivyo majira ya baridi unyevunyevu unakusanyika nyuma yake na ukungu mweusi unaota. Fungua dirisha wazi kabisa dakika tano au kumi, mara mbili tatu kwa siku, kisha ufunge. Wenzetu wengi tunafunga dirisha Oktoba tunalifungua Aprili kwa kuogopa bili ya joto, halafu ule ukungu tunaandikiwa sisi.

Na barua ya ruhusa, kama moyo bado unataka rangi, isiwe ndefu. Mwandikie mwenye nyumba: nataka kupaka ukuta huu mmoja rangi hii, namba yake ni hii, naomba unijibu kwa maandishi kama unakubali, na kama nikihama naweza kuiacha au ni lazima niirudishe nyeupe. Hilo swali la mwisho ndilo usilisahau. Jibu likija, lichapishe uliweke na mkataba. Lisipokuja, ukuta ubaki mweupe.