Baada ya upasuaji wa moyo: kutoka ICU hadi ndoo ya kwanza ya maji

Mimi ni muuguzi. Nahudumia waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa moyo, ule wa kufungua kifua. Wengi wao ni vijana na kina mama waliougua homa ya rumatiki utotoni: koo liliuma, likapoa, miaka ikapita, kumbe valvu za moyo, yaani milango inayopitisha damu upande mmoja tu, zilikuwa zinaharibika taratibu. Wengine ni watu wazima ambao mishipa ya moyo ilikuwa imeziba, wakawekewa njia nyingine kwa mshipa uliotolewa mguuni.

Wote wamepasuliwa mfupa wa katikati ya kifua. Umefungwa tena kwa nyaya za chuma kisichoshika kutu, nazo kwa kawaida hubaki humo maisha yote. Nyaya zinaushikilia tu. Mfupa unajiunga wenyewe, na kazi hiyo huchukua wiki 8 hadi 12. Tatizo ni kwamba mtu hujisikia mzima mapema zaidi ya hapo. Karibu kila ninachokueleza hapa kinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Mchague msaidizi kabla ya kulazwa

Msaidizi awe ni mtu atakayelala nyumba moja na mgonjwa. Mara nyingi namfundisha kaka wa Dar aliyesimamia malipo na usafiri, anaandika vizuri, anaelewa. Kisha mgonjwa anasafirishwa kwa mama yake Singida, na mama hajasikia hata neno moja. Mleteni mama. Kama hawezi kuja, nesi azungumze naye kwa simu siku ya kutoka, kwa lugha anayoielewa.

Hatua ya 2: ICU, chumba cha wagonjwa mahututi

Mgonjwa akizinduka atakuta mpira kooni unaomsaidia kupumua, hivyo hawezi kusema. Kubalianeni ishara mapema: kubana mkono mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Mpira ukishatolewa, kiu huwa kali kuliko maumivu. Maji tunatoa kidogo kidogo, maana tumbo bado limelala.

Ndugu mnaoingia kumwona, jiandaeni. Uso umevimba, mikono ya baridi, mirija inatoka kifuani ikimwaga maji yenye damu kwenye chombo pembeni ya kitanda, mwingine ni wa mkojo. Kuna pia nyaya nyembamba zinazotoka chini ya kifua, za kusaidia mapigo yakizubaa. Mirija na nyaya hizo zote hutolewa ndani ya siku chache.

Baadhi huchanganyikiwa siku ya pili au ya tatu. Mzee mmoja aliniambia kuna kuku darini wanamwaga mchele kitandani kwake, akanisihi niwafukuze. Hayo si mapepo wala hajarogwa. Ni dawa za usingizi, kukosa kulala na taa zisizozimwa. Mtajieni siku, mahali alipo na majina yenu, mpeni miwani yake kama huvaa, msibishane naye. Kwa wengi hupita baada ya siku chache. Yule mzee aliondoka akili timamu, kuku hawakumbuki.

Hatua ya 3: Fungua mapafu

Baada ya upasuaji sehemu za chini za mapafu hunywea. Mgonjwa anaogopa kukohoa kwa sababu kifua kinauma, makohozi yanatuama, nimonia inaingia. Utapewa kifaa cha plastiki chenye vigolori vitatu. Wengi hupuliza, kumbe unatakiwa kuvuta. Ziba mdomo vizuri kwenye mpira, vuta pumzi polepole hadi vigolori vipande, vishikilie kidogo, achia. Mara kumi kila saa ukiwa macho.

Kukohoa nako kuna namna yake. Kunja khanga mpaka iwe nene kama mto mdogo, iweke juu ya kidonda, ikumbatie kwa mikono yote miwili, kisha kohoa. Maumivu hupungua sana kwa sababu mfupa umebanwa usitikisike. Kaa na khanga hiyo kwa miezi mitatu: ya kukohoa, ya kupiga chafya, ya kucheka. Na dawa ya maumivu omba, usisubiri uzidiwe. Anayejikaza ndiye asiyekohoa.

Hatua ya 4: Jifunze kunyanyuka

Hapa ndugu ndio huharibu, tena kwa upendo. Wanamshika mikono wanamvuta. Mkono unavuta bega, bega linavuta nusu ya kifua, nyaya zinakaza dhidi ya mfupa ambao bado ni mbichi.

Fanya hivi. Mgonjwa akiwa chali, akunje magoti. Akumbatie khanga yake. Ageuke ubavu mwili mzima kwa pamoja, kama gogo linavyobingirika, bila kujipinda kiunoni. Ashushe miguu nje ya kitanda. Uzito wa miguu ndio utakaoinua kiwiliwili. Msaidizi aweke kiganja nyuma, katikati ya mabega, asindikize tu. Akishakaa, atulie dakika moja ndipo asimame, kizunguzungu kipite. Kwenye kiti asogee mbele hadi ukingoni, aegemee mbele, asimame kwa nguvu za mapaja.

Namtaka msaidizi afanye hivyo mbele yangu mara tatu kabla sijakubali kwamba amejua.

Hatua ya 5: Siku ya kuruhusiwa

Usitoke bila vitu vitano: orodha ya dawa yenye miligramu na saa za kumeza, uzito wako wa siku hiyo, tarehe ya kipimo cha damu kinachofuata, barua ya maelezo ya upasuaji, na namba ya simu ya wodi.

Nenda nyumbani kwa gari, kiti cha nyuma, mkanda umefungwa na khanga imewekwa kati ya mkanda na kifua. Bodaboda hapana. Daladala ya kusimama ukining'inia kwenye bomba hapana, kwa sababu breki moja tu inatosha. Kama unakwenda mkoani na una ndugu mjini, kaa kwao hadi kliniki ya kwanza. Safari ikishindikana kuahirishwa, simama njiani kila baada ya saa moja au mbili utembee, damu isigande miguuni.

Hatua ya 6: Wiki za mwanzo nyumbani

Godoro la chini halifai, kwa sababu huwezi kuinuka bila kujisukuma kwa mikono. Azima kitanda. Choo kikiwa cha kuchuchumaa, fundi atoboe kiti cha mbao kiwekwe juu yake. Dawa za maumivu huleta choo kigumu, na kujikamua ni mzigo kwa moyo; papai na uji wa ulezi husaidia. Ukiswali, kaa kwenye kiti hadi daktari akuruhusu kusujudu.

Kidonda kioshwe kila siku kwa maji safi na sabuni ya kawaida, kikaushwe kwa kugusagusa na kitambaa safi. Basi. Asali, majani, majivu, mafuta ya nazi, spiriti, vyote viache. Mama avae sidiria laini mchana na usiku, maana matiti yakining'inia yanavuta kidonda kutoka pande zote mbili na kovu linapanuka. Kwa waliotolewa mshipa mguuni, mguu uinuliwe ukikaa.

Wageni watakuja kutoa pole. Mwenye mafua asubiri, na asikumbatiwe mtu.

Kila asubuhi, ukishakojoa na kabla ya kunywa chai, pima uzito na uandike. Ukiongezeka kilo 1 kwa siku moja au kilo 2 kwa wiki, hujanenepa, ni maji yanajaa mwilini. Piga simu siku hiyo hiyo.

Kutakuwa pia na machozi yasiyo na sababu. Wanaume wakubwa hulia wakitazama taarifa ya habari. Ni kawaida katika wiki za mwanzo. Yakipita mwezi, au mtu akikataa kula na kuzungumza, mwambieni daktari, kwa sababu huo nao ni ugonjwa na unatibika.

Hatua ya 7: Wiki ya nne

Wiki hii naiogopa. Kidonda kimekauka, hamu ya kula imerudi, na nyumbani wameanza kuchoka kumhudumia. Mama mmoja alijisikia vizuri hivyo wiki ya tano. Maji ya bomba yalitoka usiku, watoto wamelala, akajaza ndoo moja akaibeba hadi ndani. Alisikia kifua kinalia "ka". Aliporudi kwetu, nilipoweka vidole na kumwambia akohoe, nusu mbili za mfupa zilisuguana chini ya vidole vyangu. Akarudi chumba cha upasuaji kufungwa upya.

Mpaka wa uzito ni kilo 4 au 5. Dumu la lita 5 lililojaa limeshafika mpaka. Ndoo ya lita 20 ni mara nne yake. Na uzito si kitu pekee. Kusonga ugali wa familia, kukuna nazi, kutwanga, kukamua nguo, kuvuta kamba ya kisima, kusukuma lango la chuma: kazi zote hizo zinatanua kifua au kukipinda. Mtoto usimbebe. Kaa kwenye kochi, mtu mwingine ampandishe ubavuni kwako, umkumbatie hapo.

Kutembea ndiyo kazi yako. Anza dakika 5, mara mbili au tatu kwa siku, sehemu tambarare, asubuhi kabla ya jua kali. Ongeza dakika moja au mbili kila siku. Kipimo ni maneno: ukiweza kutembea huku unaongea, mwendo ni sahihi, ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Wengi hufika dakika 30 kwenye wiki ya sita. Kuendesha gari ni baada ya wiki 6 na ruhusa ya daktari. Tendo la ndoa, ambalo watu huona haya kuuliza, linawezekana kwa kawaida ukishaweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema, ilimradi usibebe uzito kwa mikono wala kifua.

Hatua ya 8: Wafarini

Hatua hii ni ya waliowekewa valvu ya chuma. Wafarini ni dawa ya kuzuia damu isigande. Utaimeza maisha yako yote, kwa sababu damu huganda juu ya chuma. Usiku kukiwa kimya utasikia valvu yako inagonga kama saa ya mkononi, na mwenzio naye ataisikia. Zoea sauti hiyo. Ikififia ghafla au ikinyamaza, nenda hospitali usiku huo huo, huenda damu imeganda kwenye valvu.

Meza saa ileile kila siku; wengi wangu humeza saa mbili usiku, taarifa ya habari inapoanza. Ukisahau na siku haijaisha, meza. Ikishaisha, acha iliyopita, usimeze mbili. Usitambue kidonge kwa rangi, soma miligramu.

Kipimo chake ni INR, kipimo cha damu kinachoonyesha damu yako inachelewa kuganda kiasi gani. Lengo lako liandikwe kwenye daftari: kwa wengi ni kati ya 2 na 3 kwa valvu ya aota, na kati ya 2.5 na 3.5 kwa valvu ya mitrali. Chini yake damu inaganda, juu yake unavuja damu.

Mboga za majani zina vitamini K, inayopunguza nguvu ya wafarini. Watu husikia hivyo wakaacha mchicha kabisa, nami siwashauri. Kula, ila kiasi kilekile wiki hadi wiki. Kijana mmoja alikuwa sawa miezi minne, akaenda kijijini msimu wa mvua akala kisamvu mchana na usiku. INR ikashuka hadi 1.3.

Dawa ndizo hatari zaidi. Usinunue diklofenaki wala ibuprofeni dukani. Metronidazoli na Septrin hupandisha INR sana. Dawa ya kifua kikuu, rifampisini, huishusha. Anayetaka kukuchoma sindano, kukung'oa jino au kukupa dawa ya mitishamba asikie kwanza neno wafarini kutoka mdomoni mwako. Kwa kung'oa jino utapewa pia antibiotiki ya kumeza kabla. Dada unayetaka kupata mtoto, onana na daktari kabla ya mimba, maana dawa hii hudhuru mtoto katika miezi ya mwanzo.

Hatua ya 9: Usisubiri asubuhi

Nenda hospitali mara moja ukiona homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha au kidonda kufunguka, mfupa kulia unapogeuka, kushindwa kulala bila mito mingi kwa kukosa pumzi, moyo kukimbia usiotulia, kinyesi cheusi kama lami, damu ya fizi isiyokata, kugonga kichwa kisha kikaendelea kuuma, au mdomo kupinda na mkono kuishiwa nguvu.

Hatua ya 10: Mwezi wa tatu

Njoo na daftari lako lote, la uzito na la INR. Nitakulaza, niweke vidole vyangu vitatu juu ya kovu, nikuambie ukohoe, kisha ugeuke kulia na kushoto. Mfupa ukitulia kimya, daktari akaridhika, tutazungumza habari ya ndoo: kwanza lita 5 kwa wiki moja, halafu lita 10, na ya 20 mwachie kijana wa nyumbani mwezi mwingine mmoja.