Dohani Safi Isikudanganye: Kusoma Mwako wa Tanuri la Taka Hatari

Mgeni akifika kwenye tanuri letu, macho yake hupanda juu ya dohani. Haoni moshi, anaridhika. Mimi natazama namba mbili kwenye skrini: oksijeni na kaboni monoksidi. Hiyo ya pili haina rangi wala harufu, lakini ndiyo inayowahi kusema kwamba mwako umeharibika.

Anza na joto. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, moshi unatakiwa ukae sekunde 2 kwenye nyuzi 850; taka zikiwa na klorini na jamaa zake zaidi ya asilimia 1, nyuzi 1100. Pasha kwa dizeli mpaka chumba cha pili, kile kinachouchoma tena moshi, kifike hapo, ndipo ulishe taka. Najua inauma kuunguza mafuta bure.

Kulisha ndiko kunakoponza wengi, nami nikiwemo. Zamu moja nilikuwa na haraka, nikaacha ndoo nzima ya matambara yaliyolowa viyeyusho isukumwe ndani. Mlango haujakaa sawa, oksijeni ikaporomoka kutoka asilimia 10 hadi 3, kaboni monoksidi ikagonga mwisho wa kipimo. Viyeyusho viligeuka mvuke kwa mkupuo, hewa ikazidiwa. Mambo yalitulia upesi, ila wastani wa saa nzima ulikuwa umeshachafuka.

Siku hizi napima mafungu madogo ya uzito mmoja, na silishi tena mpaka oksijeni irudi ilipokuwa. Ikishuka, simamisha kulisha. Usikimbilie dizeli, nayo inakula hewa hiyohiyo. Wala usifungulie feni yote: hewa ya baridi hushusha joto na kuukimbiza moshi, zile sekunde 2 zikapotea.

Tena hewa nyingi hupamba namba. Kipimo kikisoma miligramu 60 za kaboni monoksidi kwa kila mita ya ujazo kwenye oksijeni ya asilimia 15, irekebishe iwe kana kwamba oksijeni ni asilimia 11, kiwango cha kulinganishia: hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, basi zidisha kwa 10 (21 toa 11), gawanya kwa 6 (21 toa 15). Unapata 100.

Moshi ukitoka chumba cha pili, upoze kwa maji upesi. Ukizubaa kati ya nyuzi 450 na 200, dioksini, sumu kali, hujiunda upya juu ya vumbi la kwenye mabomba. Kwa hiyo tanuri likizimwa na kupoa, vaa barakoa na glavu, ukalikwangue vumbi hilo.