Maji ya chumvi na sukari: pima kwa taa, kisha uchanganye

Masika yakianza huku Pemba, benchi la kituo chetu cha afya hujaa watoto wa kuharisha. Na kila mwaka yuko mama atakayenikasirikia: "Dada, mwanangu hali yake hii, nawe unampa maji ya chumvi na sukari tu?" Zamani nilikuwa nabishana. Siku hizi natoa taa yangu. Nawe tengeneza ya kwako.

Hatua ya 1: Unga kipimo

Panga betri 3 za tochi kwa mfululizo. Tafuta taa ndogo nyekundu ya LED, fundi redio yeyote anayo. Mguu mfupi wa taa uunge upande wa hasi wa betri. Mguu mrefu utie waya, na upande wa chanya wa betri utie waya mwingine. Ncha za waya hizo mbili ziache wazi, na usiziache zikagusana. Mimi nimeshaunguza taa mbili kwa haraka zangu. Umeme wa ukutani usiujaribu kabisa.

Hatua ya 2: Chovya

Kinga maji ya mvua, yatie kwenye vikombe vitatu. Cha kwanza kiache hivyo hivyo, cha pili tia sukari, cha tatu nusu kijiko cha chumvi. Chovya ncha zikiwa zimeachana kama sentimita 1, na zisuuze kila unapohama kikombe.

Maji matupu: taa haiwaki, au inafifia mno. Sukari: ongeza hata vijiko vitano, ni vile vile. Chumvi: taa inawaka, na kwenye waya unaotoka kwenye taa (huo ndio wa hasi) vinapanda vipovu vidogo vidogo. Hivyo ni haidrojeni. Jaribu pia maji ya kisima kilicho karibu na pwani, utajua kwa nini chai yake haina ladha. Ukimaliza mwaga, maji ya jaribio hayanywewi.

Hatua ya 3: Elewa ulichokiona

Atomu ya sodiamu ina elektroni 11, na moja tu iko nje kabisa. Klorini ina 17, saba ziko nje, na inataka ya nane. Basi sodiamu inaitoa yake moja kwa moja, si kwa mkopo. Aliyetoa anabaki na chaji chanya, aliyepokea ana hasi, na ayoni hizo zinavutana mpaka zinakuwa punje ya chumvi. Ikiwa kavu zimebanana, hazisogei. Ukiitia majini, molekuli za maji zinaizunguka kila ayoni na kuitenga na mwenzake. Ayoni zilizo huru kutembea ndizo zinazopitisha umeme.

Sukari sivyo. Atomu zake zinamiliki elektroni kwa shirika, kama ngalawa ya watu wawili: hakuna awezaye kuondoka nayo. Molekuli inaingia majini nzima, haina chaji.

Vitu vya aina ya chumvi ndivyo tunavyoviita elektrolaiti. Katika damu, sodiamu inatakiwa iwe milimoli (kipimo cha wingi wa ayoni) 135 hadi 145 kwa lita, na potasiamu 3.5 hadi 5 tu. Ndani ya seli ni kinyume, potasiamu ndiyo imejaa. Mtoto akiharisha anamwaga zote mbili. Potasiamu ikishuka sana misuli inalegea, na moyo unaweza kupiga ovyo.

Hatua ya 4: Usiiache sukari

Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba upo mlango unaopitisha ayoni 2 za sodiamu pamoja na molekuli 1 ya glukosi (aina ya sukari), na maji yanafuata nyuma. Hata kwenye kipindupindu mlango huu haufungi. Sukari haikuwekwa kwa ajili ya utamu.

Hatua ya 5: Changanya

Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari uliopimwa tayari, wa kuchanganya na maji) ndiyo bora, kwani ina potasiamu pia. Soma kiasi cha maji kilichoandikwa. Chupa nyingi za dukani ni za lita 1.5, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Pakiti ikisema lita 1, chukua mbili za nusu lita.

Huna pakiti? Lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visawazishwe kwa kisu. Chumvi ya mawe isage kwanza. Onja: yakizidi chumvi ya machozi, mwaga uanze upya. Sukari ikizidi nayo huvuta maji kuyarudisha utumboni, kwa hiyo soda si dawa. Dafu lina potasiamu nyingi lakini sodiamu chache. Mpe akilitaka, ila lisichukue nafasi ya ORS.

Nywesha kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10 uendelee taratibu zaidi. Akilegea, macho yakaingia ndani, akashindwa kunywa, au ukaona damu kwenye choo, mlete kituoni saa hiyo hiyo. Maji uliyochanganya yakibaki baada ya saa 24, mwaga.