Kupiga picha majengo ya Nairobi: jua kwanza, kamera baadaye

Watu wakitaka kuanza kupiga picha za tao swali la kwanza huwa ni lenzi, ninunue gani, na hii simu yangu itatosha kweli? Itatosha. Picha nyingi za Nairobi zinaharibika ju mtu amefika saa saba mchana, jua liko utosini, majengo yote yamekaa flati na anga imekuwa nyeupe tupu, alafu akifika home anaanza kulaumu simu.

Kwa hivyo anza na kujua jua liko upande gani. Chukua Uhuru Park, hapo ndio kila mtu anaanziaga. Park iko magharibi ya tao, so ukisimama pale juu kwa mteremko upande wa Upper Hill unaangalia mashariki. Asubuhi jua linatokea nyuma ya majengo, unapata maumbo meusi tu: KICC, lile jumba la mikutano, na kofia yake, Times Tower, Teleposta. Hio si mbaya kama unataka umbo. Lakini kama unataka rangi, rudi jioni kuanzia saa kumi na moja hivi, jua liko mgongoni mwako linayapiga majengo usoni na vioo vinaanza kuwaka kimoja kimoja. Mahali ni pale pale, picha mbili tofauti kabisa. Na ukiwa juu ya KICC unaangalia Upper Hill mambo yanageuka, jioni ndio unapata maumbo meusi, Britam na UAP zikisimama mbele ya anga nyekundu.

Kitu kingine, sisi tuko karibu sana na ikweta, digrii moja na kidogo kusini, kwa hivyo masaa hayabadiliki sana, mwaka mzima jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, na jioni linazama karibu dakika hizo hizo. Raha yake ni kwamba unaweza kupanga bila kuangalia app kila siku. Shida yake ni kwamba jua la huku linashuka wima, halizungukizunguki pale chini kama la Ulaya, ukisimama kununua smokie utapata mwanga mzuri umeshaenda. Kinachobadilika ni upande: Juni linazama kaskazini kidogo mwa magharibi, Desemba kusini kidogo, na katikati ya hapo, Machi na Septemba, linazama magharibi kabisa. Ndio maana mtaa uliojaa mwanga Machi unaweza kuwa kivuli kitupu Desemba. Ukiona picha ya mtu umeipenda angalia ilipigwa mwezi gani kabla ujaribu kuirudia.

Dakika ambazo mimi nazipenda kushinda zote ni zile baada ya jua kuzama, karibu robo saa hadi dakika ishirini na tano, anga bado ina buluu nzito na taa za maofisi zimewaka. Kabla ya hapo taa hazionekani, baada ya hapo anga ni nyeusi na majengo yanamezwa. Fika nusu saa mapema, panga traipodi, amua picha yako ukiwa bado unaona. Kama ni kamera weka ISO 100 (vile sensa inashika mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), shata, yaani muda kamera inakaa wazi, sekunde mbili ukipandisha hadi nane au kumi giza likiingia, na utumie taima ya sekunde mbili ndio kidole chako kisitikise. Kama ni simu weka modi ya usiku, iegemeze kwa ukuta au uiweke kwa stendi ndogo, gusa dirisha linalowaka kwa skrini alafu uteremshe mwanga kidogo, ju simu inapenda kung'arisha kila kitu mpaka madirisha yanakuwa madoa meupe. Na usiende Jumapili kwa picha ya hivi! Jumapili maofisi ni giza. Siku za kazi taa ziko, na Ijumaa jioni unaongezewa jam, taa nyekundu za magari zimejaa Uhuru Highway yote.

Sasa Expressway, ile barabara ya kulipia. Ilifunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na inapita juu juu hapo Uhuru Highway katikati ya Uhuru Park na tao, kwa hivyo ile picha ya zamani ya kadi za posta, nyasi alafu majengo, haipo tena. Wengi bado wanajaribu kuificha wanaishia kukata nusu ya jiji. Mimi naona uiache iingie. Ule mstari wa saruji unavuka picha yote na usiku magari yanauchora kwa taa, hakuna kitu kingine kinasema Nairobi ya sai kama huo. Kusimamisha gari juu yake ni marufuku na kutembea kwa miguu pia, so usijaribu, picha nzuri ziko chini. Simama kwa njia ya waenda kwa miguu mahali nguzo zimepangana, vuta zumu, usitumie ile lenzi pana, nguzo zitarundikana moja nyuma ya nyingine mpaka zionekane hazina mwisho.

Kwa mistari ya taa za magari tafuta futibriji, yaani daraja la waenda kwa miguu. Thika Road imejaa nazo, Waiyaki Way na Mombasa Road pia ziko. Simama katikati juu ya leni moja, shata sekunde kumi hadi ishirini, matatu zenye taa za rangi zitakuchorea vitu hata hukupanga. Lakini futibriji inatetemeka. Mtu mmoja akipita mbio, au lori kubwa likipita chini, chuma chote kinacheza na picha yako ya sekunde kumi na tano inakuwa uji. Dawa ni kuweka traipodi karibu na nguzo inayobeba daraja si katikati kabisa, usinyooshe ile shingo ya traipodi juu, na upige nyingi fupi fupi za sekunde nne au tano alafu uzibandike pamoja kwa simu au kompyuta. Mshike mwenzako mwende wawili. Mmoja anaangalia skrini mwingine anaangalia watu, na kamba ya kamera iwe mkononi si shingoni tu, unajua tao ilivyo giza likiingia.

KICC nayo inataka muda wake. Ilifunguliwa 1973, kazi ya David Mutiso na Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway, ghorofa 28, mita 105, na kwa miaka mingi hakukuwa na jengo refu kuishinda Kenya. Leo Britam ina mita 200 na bado watu wanapiga KICC, ju umbo lake halina mwenzake, mnara wa duara na ule ukumbi kama kofia ya msonge pembeni. Kosa la kawaida ni kusimama uwanjani karibu na sanamu ya Mzee Kenyatta, unainamisha simu juu kidogo, jengo linalala nyuma kama linaanguka. Ama urudi nyuma kabisa, ushike simu wima bila kuinamisha na baadaye ukate ile sakafu ya mbele, ama usogee mpaka ukutani uelekeze juu kabisa makusudi, hapo kulala kwake kunakuwa ndio picha. Ile ya katikati ndio mbaya. Kupanda juu ya paa unalipa hapo chini, na kabla ulipe muulize askari wanafunga saa ngapi, ju ukishushwa kabla jua lizame dakika za buluu utazionea parkingi. Kule juu ni wazi na kuna upepo, traipodi nyepesi itaruka. Asubuhi ya anga safi baada ya mvua, ukiangalia kaskazini, Mlima Kenya unaonekana.

Majengo ya zamani sitakaa sana. McMillan Library ya 1931 pale Banda Street, nguzo zake na simba wawili mlangoni, Jamia Mosque hapo karibu, National Archives mkabala na ile Hilton ya zamani. Haya nenda Jumapili asubuhi mapema, hakuna magari mbele na mwanga unaingia wa chini. Waya za stima zitakusumbua, sogea hatua mbili utapata pembe isiyo na waya.

Picha ya twiga na majengo nyuma watu wanadhani ni ya kompyuta, si ya kompyuta. Nairobi National Park iko kusini ya tao, geti linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na unataka lenzi ya milimita 200 kwenda juu, ndio majengo yavutwe karibu na mnyama. Ingia mapema. Saa tatu ikipita ardhi imepata joto, hewa inaanza kucheza, na majengo ya mbali yanatoka kama yameyeyuka hata lenzi iwe ya bei gani. Ukiwa huko huko kuna daraja la SGR, ile reli mpya, la kwenda Naivasha, linavuka mbuga juu ya nguzo ndefu ili wanyama wapite chini. Ngoja treni.

Askari. Picha ya simu kwa barabara hakuna anayejali, lakini traipodi ikitoka tu utasikia "boss, hapa haturuhusu". Usibishane. Salimia, "habari ya kazi afande", mwambie unapiga jengo gani, akikataa vuka barabara upige kutoka ng'ambo. State House, kambi za jeshi na vituo vya polisi wacha kabisa. Droni ni hadithi nyingine, kuna kanuni za 2020, inasajiliwa KCAA, wale wa usalama wa anga, na unahitaji ruhusa, na uwanja wa ndege wa Wilson uko hapo tu karibu na ndege zinashuka chini chini. Ndani ya mbuga usiirushe bila kibali.

Ukifika home usiediti sana. Fungua app ya kuediti kama Snapseed, nyoosha mistari ya wima kwanza kabla uguse rangi, ju ukiinyoosha picha inakatwa pembeni na unaweza kupoteza ncha ya mnara, ndio maana wakati wa kupiga unaachanga nafasi juu na pembeni. Alafu punguza mwanga wa madirisha, ongeza kidogo vivuli, anga iache.