Kutenganisha kloridi ya potasiamu na chumvi ya kawaida kwa joto na ubaridi

Silvinaiti ni madini yenye chumvi mbili zilizochanganyika: kloridi ya potasiamu (KCl), ambayo ni malighafi ya mbolea, na kloridi ya sodiamu (NaCl), yaani chumvi ya kawaida. Njia hii hutumika viwandani, na maabara ya kawaida inatosha kuifanya.

Kwanza elewa namba. Gramu 100 za maji yaliyoshiba chumvi zote mbili, yakiwa karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, hubeba takriban gramu 35 za KCl na 27 za NaCl. Yakipoa hadi nyuzi 20, KCl hushuka hadi karibu 15, lakini NaCl hupanda hadi karibu 30. Maana yake, maji yanapopoa sodiamu huzidi kupata nafasi, na kinachodondoka ni potasiamu peke yake.

Hatua ya 1. Ponda madini yawe punje za milimita 1 hivi. Ukisaga yakawa unga, tope la udongo litaziba kichujio.

Hatua ya 2. Andaa maji ya mzunguko, yaani maji ya chumvi yatakayotumika tena na tena: koroga madini mengi kwenye maji baridi mpaka yasiyeyuke tena, kisha chuja. Usianze na maji matupu, kwa kuwa yatayeyusha sodiamu nyingi bure.

Hatua ya 3. Pasha maji hayo hadi karibu nyuzi 100. Kwa kila gramu 100 za maji yaliyomo, tia gramu 70 za madini yenye KCl asilimia 30. Funika, koroga. Potasiamu itayeyuka, sodiamu itabaki chini. Vaa miwani ya kinga, maji haya yakirukia jicho ni hatari.

Hatua ya 4. Chuja yakiwa moto, kwa faneli uliyoipasha moto kabla. Faneli ikiwa baridi, fuwele huota shingoni na kazi husimama.

Sasa pima uzito, hatua ambayo wengi huiruka. Nafasi ya sodiamu tuliyoiona ni ndogo: gramu 10 za maji zikipotea kwa mvuke katika kila 100, imekwisha yote, na kuanzia hapo NaCl itadondoka pamoja na KCl. Linganisha uzito wa chombo kabla na baada ya kupasha na kuchuja, ukitoa mabaki, kisha rudisha maji yaliyopotea. Viwanda vinavyopoza kwa ombwe huongeza maji kwa sababu hiyohiyo.

Hatua ya 5. Poza taratibu huku ukikoroga. Ukipoza ghafla utapata fuwele ndogo zinazoshika maji ya chumvi katikati yake, na hizo hazisafishiki vizuri. Tarajia karibu gramu 20 za KCl kwa kila gramu 100 za maji.

Hatua ya 6. Chuja, osha kwa maji machache ya barafu, kausha. Ukijaribu kwa moto ili kutambua potasiamu kwa rangi ya mwali, tazama kupitia kioo cha buluu cha kobalti, kwani hata sodiamu kidogo sana hutoa mwali wa njano unaoficha zambarau ya potasiamu.

Hatua ya 7. Rudisha maji ya mzunguko kwenye hatua ya 3. Kama madini yako yana kanaliti (madini yenye kloridi za potasiamu na magnesiamu), magnesiamu itajikusanya humo na kupunguza uwezo wa maji kuyeyusha KCl. Mavuno yakianza kushuka mzunguko hadi mzunguko, toa sehemu ya maji hayo na uweke mapya yaliyoandaliwa kama hatua ya 2.